Maswali ya baraza yamegawiwa tayari: niende au nisiende?

Dada, umesema baraza la bima ya afya hapo kwenu Arua, Uganda, limeshapangwa, na watu wachache wamekwisha kupewa maswali ya kusoma. Unauliza kama ubaki nyumbani. Nenda. Ukikosekana, watasema wananchi wameridhika.

Mabaraza haya serikali iliyaanzisha mwaka 2009 ili viongozi waulizwe mbele ya watu, kwa hiyo hakuna anayekufanyia hisani akikupa kipaza sauti.

Ila usisimame kuisifu au kuipinga bima kwa jumla. Hapo watakuita mpinzani na kukukalisha. Uliza jambo moja lenye tarehe. Bohari ya Taifa ya Dawa hupeleka dawa vituoni kila miezi miwili hivi. Mzigo wa mwisho ulifika lini? Ulikuwa na nini? Dawa za malaria ziliisha siku gani? Ada katika vituo vya serikali zilifutwa mwaka 2001, na bado mama anayekwenda kujifungua anaambiwa aje na glavu zake. Hilo linaniuma sana. Muswada wenyewe wa bima Bunge liliupitisha Machi 2021, lakini haukutiwa saini, basi uliza pia wanajadili muswada upi.

Nenda na wenzako wawili watatu, mmoja aandike majibu. Wakikunyima nafasi, peleka ombi la maandishi: sheria ya kupata taarifa ya mwaka 2005 inampa afisa siku 21 kujibu. Baki na nakala yenye muhuri.