Kabla hujaipiga santuri ya babu

Hongera kwa urithi, ndugu yangu. Umesema sanduku la gramafoni uliloachiwa na babu ni jeusi, la kubeba, lina picha ya mbwa anayesikiliza pembe, na hujui ni aina gani wala linapigwaje. Mbwa huyo ni alama ya HMV, kampuni ya santuri ya Uingereza, waliomrekodi Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab wa Zanzibar, kule Bombay mwaka 1928. Tazama kile kichwa cha duara kinachoshika sindano: kikiwa na 5A au 5B, yaelekea ni modeli 102, iliyotoka 1931. Namba 4 mara nyingi ni ya 101.

Zungusha hendeli taratibu. Ikianza kuwa nzito, acha. Springi ikikatika, fundi wake utamtafuta kwa tochi mchana. Sindano ya chuma hupiga upande mmoja tu wa sahani, kisha unaitupa. Mimi niliwahi kubania moja wiki nzima. Sahani ikabaki na mistari ya kijivu na sauti kama ya vitumbua vikikaangwa. Zile sahani za plastiki za miaka ya 70 usithubutu, mkono ule mzito wa sindano utazichimba. Tafuta zile ngumu za mizunguko 78 kwa dakika, zinazovunjika kama chungu. Ukimaliza, iache mashine izunguke mpaka springi ilegee.