Nimechoka kumhudumia jirani: je, ni dhambi?

SWALI: Shikamoo mama. Naishi Mbagala Kizuiani, nina mume na watoto wawili, nauza chapati na mihogo ya kukaanga mbele ya nyumba. Mwaka juzi jirani yetu, mzee wa miaka sabini na kitu, alipigwa na kiharusi akapooza upande wa kulia. Mke wake alishafariki. Wanawake wa jumuiya tuliahidi kumhudumia kwa zamu. Tulianza saba, nimebaki mimi. Asubuhi namwogesha na kubadilisha mashuka, mchana namlisha, jioni narudi tena. Ana watoto watatu hapahapa Dar, hawaonekani ila sikukuu. Mwezi uliopita binti yake alikuja akanitamkia mbele za watu kwamba nanyemelea kiwanja cha baba yake. Mume wangu kasema basi. Kanisani nilipoeleza nikajibiwa tu, “Tusichoke katika kutenda mema.” Mama, nimechoka. Siku hizi nikisikia ananiita alfajiri, najifunika shuka. Nimemkosea Mungu? Niache?

JIBU: Marahaba mwanangu. Hujamkosea Mungu kwa kuchoka. Fungua Yohana 4:6 uone kilichoandikwa kuhusu Bwana mwenyewe: “Basi Yesu, kwa sababu amechoka na safari yake, akaketi vivi hivi kisimani.” Alichoka, akaketi, saa sita ya mchana, wanafunzi wamekwenda kununua chakula. Hakuna aliyemsomea mstari.

Huo mstari uliosomewa wewe ni Wagalatia 6:9, nami naupenda sana, lakini huwa unakatwa nusu. Wote unasema: “Tena tusichoke katika kutenda mema, maana tutavuna kwa wakati wake, tusipozimia roho.” Angalia hilo neno la mwisho, kuzimia. Kwa Kigiriki ni kitenzi kilekile alichokitumia Yesu katika Marko 8, na watafsiri wa Biblia yetu ya Union ya mwaka 1952 wakaweka neno lilelile la Kiswahili pia. Watu walikuwa wamekaa naye siku tatu, hawana kitu cha kula. Akasema akiwaaga hivyo hivyo na njaa, “watazimia njiani, na baadhi yao wametoka mbali.” Basi alifanya nini? Aliwaambia wajitahidi? Aliwaketisha chini wakala mikate saba na visamaki vichache, ndipo akawaaga. Mtu akielekea kuzimia, anahitaji kuketishwa na kulishwa, na jumuiya yako haijakuketisha tangu mwaka juzi.

Nakuambia haya kwa uchungu kwa sababu mimi nilizimia. Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa muuguzi, na nikitoka kazini nilijitolea na kikundi cha usharika wetu kuwatembelea wagonjwa majumbani, Buguruni. Ulikuwa wakati wa UKIMWI, dawa za kufubaza zilikuwa bado hazijaanza kutolewa bure. Mgawo wa bure ulianza 2004, na wale niliowaogesha mimi wengi hawakuufikia. Nilikuwa na wagonjwa tisa. Mmoja alikuwa kijana kinyozi, niliyemwogesha Jumanne na Ijumaa. Ijumaa moja daladala ilipofika kituoni kwao sikushuka. Nilitazama dirishani tu, gari likaondoka. Jumanne iliyofuata sikushuka tena. Sikumwambia mwenyekiti wa kikundi, wala mchungaji, wala mtu yeyote. Niliona aibu kusema nimechoka, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nikisifiwa kwa kutochoka.

Wiki ya tatu nikaenda. Mama yake alinipokea vizuri, akaniambia kijana alizikwa Jumatatu. Kila Jumanne na kila Ijumaa, akasema, alikuwa anaomba ndoo ya maji ichemshwe, dada anakuja.

Kile kikundi kilikuwa na akina mama wengine saba. Ningefungua mdomo siku ile ya kwanza, mmoja wao angekwenda.

Kwa hiyo nikuambie jibu langu: usiache kwa kujifunika shuka. Lakini pia usiendelee kama unavyoendelea sasa. Usome Wagalatia 6 kuanzia juu. Aya ya pili: “Mchukuliane mizigo.” Aya ya tano: “Maana kila mtu atalichukua furushi lake mwenyewe.” Zamani niliona kama Paulo anajipinga, mpaka nikafundishwa kwamba ni maneno mawili tofauti hata katika lugha aliyoandikia. Mzigo ni ule unaomwelemea mtu, hauwezi bila kusaidiwa. Furushi ni la mtu mwenyewe, hampi mwingine. Ugonjwa wa mzee ni mzigo, na ninyi jumuiya mliubeba vema. Baba kuwa baba ni furushi la watoto wake. Waraka wa kwanza kwa Timotheo, sura ya 5, unasema wazi kwamba watoto wajifunze kwanza kuwatendea wema watu wa nyumbani mwao na kuwalipa wazazi wao. Wewe umebeba vyote viwili, mgongo ukauma, ukadhani imani imepungua.

Sasa hayo ya kufanya. Jumamosi kwenye jumuiya, kabla ya sala ya kufunga, simama useme kwa sauti: nimebaki peke yangu na siwezi. Usilie kama unaweza, taja kazi moja moja. Na uwaangalie wanaume. Katika barua yako kuna jambo moja limenigonga, nalo sijui kama wewe mwenyewe umeliona: walioahidi wote ni wanawake. Kwetu mwanamke kumwogesha mwanamume asiye mume wake si jambo dogo, na huenda mume wako anaposema basi anasema hilo tu, ila hana maneno yake. Mimi nilikuwa na sare ya uuguzi, watu hawakuuliza. Wewe huna. Muulize mumeo kwa upole, mkiwa wawili, watoto wamelala. Pengine yeye na mwanamume mwingine wakachukua kuogesha, wewe ukabaki na chakula, na nyumba yako ikatulia.

Hilohilo linamhusu yule binti. Amekutukana, na sitakuambia haikuumiza. Ila binti kuuona mwili wa baba yake mzazi ni mtihani mzito. Nimewaona mabinti wengi wakikimbia kitanda kwa hofu hiyo, halafu aibu ya kukimbia inageuka hasira kwa yule aliyebaki. Usimjibu peke yako. Mwombe mchungaji au mzee wa kanisa aende na mwenyekiti wa serikali ya mtaa wawaite watoto wote watatu, mkutane palepale kitandani kwa mzee, naye akisikia. Hapo useme kwamba hutaki kiwanja. Kama kuna karatasi yoyote ya mzee iko kwako, ya kiwanja au ya benki, irudishe siku hiyo mbele za watu. Pesa yake usiishike tena hata ya sabuni, watume wao, na kila kinachoingia kiandikwe kwenye daftari linalokaa kwa mzee. Pampasi, sabuni, mashuka ya kubadilishia, na kijana wa kulipwa wa kumgeuza, hayo ni furushi lao. Wakisema hawana, yawezekana ni kweli. Paulo aliwaandikia Wathesalonike kwamba ikiwa mtu “hataki kufanya kazi” asile, hakusema asiyeweza. Basi asiyekuwa na pesa aje na mikono.

Atakayekuja mfundishe, usimwachie tu. Mzee ageuzwe kila baada ya saa mbili, la sivyo nyonga na visigino vitafanya vidonda, na kidonda cha kulalia kikishachimba hakiponi upesi. Akilishwa, alishwe ameketi wima, kijiko kidogo kidogo, chakula kiwekwe upande wa mdomo ulio mzima, kwa sababu mwenye kiharusi hupaliwa kirahisi. Ule mkono uliopooza wasiuvute wakati wa kumwinua. Bega lake huachia.

Umeuliza pia, ingawa kwa kuzunguka, mavuno yako wapi. Umepanda mwaka wa pili sasa, ukavuna tuhuma. Mwanangu, mstari unasema “kwa wakati wake”, haukutaja mkono utakaokuletea. Baba yangu alipanda minazi Mkuranga akiwa tayari ana mvi. Mnazi mrefu wa Pwani unachukua miaka sita, saba, kabla ya kukuonyesha dafu la kwanza, na katikati hapo unaupalilia tu, hakuna wa kukushangilia. Alikunywa madafu yake. Sikuahidi kwamba binti atakuomba radhi. Nakuahidi kile nilichokiona Buguruni, kwamba mtu aliyeogeshwa anakufa tofauti na mtu aliyeachwa, na Mungu aliyekuwepo chumbani ameona nani aliyeshika kitambaa.

Chagua siku moja katika wiki isiyokuwa yako. Tuseme Alhamisi. Siku hiyo uza chapati zako, lala mchana, msuke mwanao nywele. Lakini Jumatano jioni, ukishamlisha mzee, keti kitandani kwake, umshike mkono ule anaousikia, umwambie kwa mdomo wako mwenyewe kwamba kesho hutakuja, na umtajie jina la atakayekuja.