Usiandike "hapana" kwenye hiyo fomu ya shule (kwa dada mwenye kijana wa usonji)

Dada, hiyo fomu usiirudishe. Kama mumeo keshaijaza, ichane ukachukue nyingine.

Nimesoma uzi wako mara mbili. Kijana wenu ana miaka 6, hospitali wamesema ana usonji (autism, hali ya ukuaji wa ubongo inayogusa kuongea na kuchangamana na watu), Januari anaanza darasa la kwanza, na mumeo anataka kwenye kipengele cha afya muandike hana tatizo lolote ili asinyanyapaliwe. Umeuliza pia shule gani nzuri hapa Dar, ada zikoje, na kama kumwachisha ngano na maziwa kunasaidia. Mimi nimekwama kwenye hiyo fomu. Miaka minne iliyopita niliijaza mwenyewe kwa kalamu yangu, na mama yake alikuwa amekaa pembeni ananiomba nisiandike vile.

Swali lilikuwa moja tu: mtoto ana tatizo lolote la kiafya? Nikaandika HAPANA, herufi kubwa, nikaweka sahihi.

Wazo lenyewe nilipewa. Tulikuwa tunampeleka kwa mtu anayejiita mshauri wa watoto. Ofisi ina kiyoyozi, midoli ya mbao imepangwa vizuri, vyeti vimejaa ukutani. Shilingi 50,000 kila kikao, vikao viwili kwa wiki. Huyo ndiye aliyenikalisha akaniambia, "Baba, neno usonji likiingia kwenye faili la shule halitoki. Mwache achanganyike na wenzake, atawaiga, mwakani mtakuwa mmesahau." Nilikuwa natamani sana kuambiwa hivyo. Mke wangu alipobisha nikamwambia wewe na mtaalamu nani anajua.

Mpaka leo nikipita mtaa ule napandwa na hasira. Mtu yule alimwona mwanangu kwa macho yake. Alijua blenda ikiwashwa anaziba masikio na kujigonga kichwa ukutani. Halafu anamwambia baba yake ampeleke kwenye darasa la watoto arobaini bila kumtonya mwalimu! Angesema hajui mambo ya shule ningemwelewa. Alisema anajua, na hela akapokea.

Shule ilikuwa ya binafsi, mchepuo wa Kiingereza. Ada 1,450,000 kwa mwaka, tukalipa yote kwa mkupuo ili tupunguziwe. Wiki ya pili tu daftari la mawasiliano likaanza kurudi na wino mwekundu. Mtoto hasikilizi. Mtoto hasimami mstarini. Mtoto anamwiga mwalimu.

Hilo la kuiga ngoja nilieleze, maana na wako huenda anafanya. Ukimuuliza wangu "umekula?" alikuwa anakujibu "umekula?" Nyumbani sote tulijua maana yake ni ndiyo. Watoto wengi wenye usonji huanza kuongea hivyo, wanakurudishia maneno yako kwa sababu ya kwao hayajapatikana bado. Mwalimu hakuambiwa. Yeye alisikia mtoto anayemkebehi mbele ya darasa zima, akamchapa viganjani. Kisha akamuuliza "umekoma?" na mtoto akajibu "umekoma?" Unaweza kukisia kilichofuata. Baadaye sana nikasoma kanuni za viboko za mwaka 2002. Zinasema visizidi vinne, achape mwalimu mkuu au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, na kila adhabu iandikwe kitabuni. Pale hakuna aliyeandika chochote. Na kwa mtoto huyu hata kimoja ni kingi, kwa sababu hajui amechapwa kwa kosa gani.

Mwisho wa Machi masika yakaanza. Waliokaa nyumba ya bati isiyo na dari wanajua mvua ya Dar ikishuka humsikii hata mtu mliyegusana mabega. Darasa lile halikuwa na dari. Mvua ikapiga, watoto wakashangilia, wangu akaingia chini ya dawati. Mwalimu akamvuta mkono, akamng'ata. Akatolewa nje asimame barazani mpaka aombe radhi. Wakati ule alikuwa na maneno kama thelathini, na "samahani" halikuwemo. Mlinzi alikuwa amejibanza kukwepa mvua, geti halijafungwa.

Alitoka kama saa nne asubuhi. Mimi nilipigiwa simu saa saba.

Masaa yale sitayaeleza, siwezi. Tulimpata saa kumi na moja jioni ng'ambo ya pili ya Barabara ya Morogoro, huku Kimara. Mwite mumeo asome hapa. Mtoto wa miaka 6, asiyeweza kutaja jina lake mwenyewe, alivuka Barabara ya Morogoro peke yake kwenye mvua, mabasi ya mwendokasi na malori ya Tunduma yanapita. Alikuwa amechuchumaa kwa fundi baiskeli, baiskeli imepinduliwa matairi juu, anatazama gurudumu linavyozunguka. Ametulia kabisa. Mzee yule akatuambia, "Nilijua ni wa jirani. Kila nikilisimamisha analia, nikaona niendelee kulizungusha mpaka mwenyewe atokee." Alilizungusha zaidi ya masaa matatu na kazi za watu zimelala pale chini. Kila Idi pilau ya kwanza kutoka kwangu inakwenda kwake.

Kesho yake nikaenda shuleni nimefura. Mkurugenzi hakubishana nami. Alifungua faili, akaigeuza fomu upande wangu, akaweka kidole juu ya HAPANA yangu. "Baba, hii sahihi ya nani?" Nilisimama pale sina neno. Ada haikurudi hata senti.

Mwalimu wa darasa alitufuata getini. Mimi nilikuwa nimekwenda kumtukana, nasema kweli. Alikuwa analia. Akasema, "Mngeniambia, ningemwacha chini ya dawati."

Hiyo sentensi sijaimaliza mpaka leo. Binti wa miaka ishirini na kitu, angemwacha tu chini ya dawati, mvua ingekatika, mtoto angetoka. Alihitaji kuambiwa jambo moja, na mimi nilimlipa mtu 50,000 anishauri nisimwambie.

Mwanangu alinyamaza miezi mitano. Maneno yote thelathini yakaondoka, hata "maji". Alikuwa anashika mkono wa mama yake anaupeleka kwenye jagi. Akiona sweta ya sare anatapika. Tulipomrudia mshauri alisema kila mtoto na njia yake, akapendekeza tuongeze kikao cha tatu kwa wiki. Piga hesabu: miezi saba, vikao 56, ni 2,800,000, weka na ada, weka na gari la shule. Kiwanja chetu cha Mlandizi kiliondoka hivyo.

Sasa hoja ya mumeo ya unyanyapaa. Naielewa, ilikuwa yangu. Lakini watoto wenzake watajua siku ya kwanza kabla ya mapumziko ya chai, watamwona anapunga mikono, wataona hajibu akiitwa. Majirani wanajua tayari. Anayefichwa ni mmoja tu, mwalimu, na ndiye mtu mzima pekee atakayekuwa naye saa tano kwa siku.

Atasema watamkataa. Ndiyo, wengine watamkataa. Sisi tulikataliwa na shule mbili baada ya hapo, moja ilitujibu kwenye simu hata hatujamaliza kueleza. Iliuma. Lakini walitukataa Oktoba, hela yangu mfukoni, mtoto wangu yuko nyumbani anacheza na vifuniko vya sufuria. Kukataliwa Machi, mtoto ukiwa umemwokota barabarani, ni habari nyingine. Halafu mjue Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa haki ya kusoma shule ya kawaida, iwe ya umma au binafsi. Anayekukataa mwombe akukatalie kwa maandishi. Mmoja nilipomwomba hivyo alikohoa akasema tuje tena Jumatatu. Hatukwenda.

Tulimpeleka shule ya msingi ya serikali, ile ya mtaani kwetu. Mwalimu mkuu nilipomtajia usonji akauliza, "Ni ule mtindio wa ubongo?" Hapo nikaelewa kwamba kutaja neno peke yake hakutoshi. Tukarudi nyumbani, mke wangu akaandika karatasi moja, upande mmoja tu, kwa Kiswahili cha kawaida. Iko hivi, chukueni mbadilishe:

"Mwalimu, mtoto huyu ana usonji. Si mkaidi na si kiziwi. Akirudia swali lako, mara nyingi maana yake ni ndiyo. Hapendi kushikwa ghafla, mwite jina na mwonyeshe unachotaka. Kelele kubwa zinamuuma masikio: kengele, mvua, kushangilia. Akiingia chini ya dawati mwache, atatoka mwenyewe. Asipoonekana, mtafuteni kwanza penye maji au penye kitu kinachozunguka. Anapenda namba. Simu zetu hizi hapa, pigeni saa yoyote."

Nakala mbili. Mwalimu wa darasa akaweka sahihi ya kupokea, moja ikabaki kwake, moja kwetu. Kila Januari tunaandika upya, kwa sababu mtoto anabadilika na mwalimu anabadilika. Mwaka wa pili tulidhani yule wa kwanza atampa mwenzake ile karatasi. Hakumpa, alikuwa amehamishwa. Wiki nzima ikawa vilio mpaka tukagundua.

Mwalimu wake wa darasa la kwanza hakuwa wa elimu maalumu. Hajapita Patandi, chuo cha walimu wa elimu maalumu, wala hajasomea popote mambo haya, na alikuwa na watoto 94 mbele yake. Alisoma ile karatasi amesimama, akauliza, "Kengele inamuumaje?" Kengele ya pale ni rimu ya gari imetundikwa kwenye mwembe, inagongwa na chuma. Basi akawa dakika mbili kabla anagonga dawati lake mara mbili taratibu, mtoto anatia vidole masikioni, anasubiri. Basi. Hakukimbia tena hata siku moja kwa ajili ya kengele.

Mwalimu huyohuyo akaja na jambo la vizibo, sisi hatukumfundisha. Vizibo vya soda vile vya kuhesabia. Asubuhi anampangia sita juu ya dawati, kila kipindi kikiisha kimoja kinaingia kwenye kopo la maziwa. Cha mwisho kikiingia, nyumbani. Mtoto aliyekuwa analia kutwa nzima kwa sababu hajui siku inaisha lini, sasa anaiona inavyopungua. Siku mwalimu akisahau, utasikia kutoka nyuma, "Mwalimu, kizibo!" Neno lake la kwanza la shuleni, hilo, na darasa zima likapiga makofi (taratibu, walishaambiwa).

Kuna aliyekujibu kwenye uzi wako kwamba utafute shule yenye kitengo, yaani darasa maalumu la watoto wenye usonji. Sipingi, vitengo vya usonji vipo, Msimbazi Mseto kule Ilala wanacho, nenda ukaone. Lakini hata huko andika karatasi. Mwalimu wa kitengo anaujua usonji, mwanao hamjui. Mmoja anakimbilia maji, mwingine anayaogopa.

Na kuficha kuna gharama nyingine msiyoiona sasa hivi. Wangu yuko darasa la tatu, mwakani ni upimaji wa darasa la nne. Baraza la Mitihani huwapa watahiniwa wenye mahitaji maalumu muda wa nyongeza, dakika 20 kwa kila saa kwenye Hisabati na dakika 10 kwa kila saa kwenye masomo mengine. Anayepewa ni yule ambaye shule imemwandikisha hivyo. Kwenye makaratasi ya shule ile ya kwanza mwanangu alikuwa hana tatizo lolote, kwa maneno yangu mimi. Hapo kusingekuwa na nyongeza ya kumwombea.

Kwa hiyo Jumatatu nenda na karatasi yako, fika saa moja kasoro kabla ya mstarini, ukisubiri mapumziko walimu wanakuwa na foleni ya wazazi. Mwombe mwalimu mkuu akuonyeshe atakayefundisha darasa la kwanza, mpe mkononi yeye mwenyewe. Kama hajapangwa bado, mwachie mwalimu mkuu na urudi tena Januari siku mbili kabla ya kufungua. Usimpe karani.

Mumeo kama anataka kuongea na mwanaume mwenzake aliyeandika HAPANA, aniandikie inboksi. Natoka kazini saa mbili usiku, kuanzia hapo niko hewani.