Jibu: Mama amebadilisha miwani mara mbili, bado anaona ukungu

Pole na mama, ndugu. Umesema ana miaka 64, miwani ya pili sasa toka duka la Moshi mjini, na bado ukungu, hasa juani. Unauliza ni mtoto wa jicho au presha ya macho.

Kwanza acha kununua miwani. Sisi mzee wetu tulimnunulia tatu! Ukungu, taa za gari kumtawanyikia usiku, rangi kufifia, hayo yananuka mtoto wa jicho. Lenzi ya ndani ya jicho ndiyo imeingia ukungu, miwani haiisafishi. Dawa yake ni upasuaji, anawekewa lenzi ya bandia.

Presha ya macho ndiyo yenye hila. Mara nyingi haiumi, inakula uwezo wa kuona pembeni kwanza. Mzee alikuwa anasoma Biblia vizuri tu, ila kila siku bega la kushoto linagonga fremu ya mlango, tukasema uzee. Kilichopotea hakirudi, matone ya dawa yanalinda kilichobaki. Na yeye alikutwa na yote mawili.

Mpeleke idara ya macho, hospitali ya KCMC hapo Moshi. Omba apimwe presha ya jicho, na sukari pia. Wakimtia matone ya kupanua mboni ataona vibaya saa kadhaa, usimwache apande daladala peke yake.

Mimi si daktari, na jicho la mama sijaliona. Ila likiwa jekundu ghafla, lina maumivu makali na anatapika, usisubiri tarehe ya kliniki, nenda dharura siku hiyohiyo.