Hodhi la Matumbawe Lisiloipora Bahari

Msomaji mmoja wa Nairobi ameniuliza kama jamaa yake wa Watamu anaweza kumpelekea mawe hai, yaani mawe ya baharini yenye bakteria na viumbe vidogo, pamoja na matumbawe ili aanzishe hodhi la maji ya chumvi sebuleni. Hapana. Hifadhi za bahari za Malindi na Watamu zimelindwa tangu mwaka 1968, na hata nje ya hifadhi, matumbawe magumu yamo katika CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, na hayavuki mpaka bila kibali.

Ninajua wazo hilo linakotoka. Nilipoanza ufugaji huu hapa Birmingham, wakongwe wa chama chetu cha wafugaji waliamini kwamba hodhi lisilo na mawe yaliyotolewa baharini si hodhi, nao walinicheka waziwazi niliponunua mawe makavu na kusubiri bakteria wanaosafisha maji waote wenyewe. Matumbawe yangu yote ni vipande vilivyokatwa katika mahodhi ya wafugaji wenzangu. Mwezi uliopita klaunifishi wangu, samaki wadogo wa mistari myeupe ambao nao walizaliwa hodhini, walitaga juu ya kigae. Dume akayapepea mayai kwa mapezi yake hadi yalipoanguliwa usiku, taa zikiwa zimezimwa. Watoto hao hawali chakula cha dukani, bali hutaka rotifa hai, viumbe wadogo mno wa majini, ambao nao lazima walishwe mwani wa kijani, na kwa kweli rotifa walinichosha kuliko samaki. Sasa watoto wana mistari myeupe, na mmoja wa wale waliocheka ameniomba nimuuzie wawili. Nitamuuzia, kwa bei kamili.

Hata samaki aitwaye kangaja wa njano (yellow tang) wa Hawaii, aliyedhaniwa kuwa hazaliki kifungoni, alizalishwa katika kisiwa cha Oahu, Hawaii, mwaka 2015, miaka miwili kabla ya uamuzi wa Mahakama ya Juu ya Hawaii uliosimamisha uvuvi wa samaki wa mapambo magharibi mwa kisiwa kikuu. Bei yake ni kubwa, lakini anayeshindwa kuvumilia bei asubiri, kwa kuwa papara haijawahi kufuga kiumbe cha baharini.

Kwa hiyo nunua samaki aliyezaliwa hodhini, na muuzaji akisita kukueleza asili yake, ondoka. Simlaumu mpiga mbizi wa pwani ya Kenya anayevua kwa wavu wa mkono. Yeye si sawa na wale wa Ufilipino waliowalevya samaki kwa sianidi na kuyaua matumbawe. Mpiga mbizi huyo wa Kenya alipwe vizuri.

Wewe wa Nairobi, anza na klaunifishi wawili na vipande vya matumbawe laini, na kabla ya kununua taa za kifahari, nunua betri ya kuendesha pampu umeme unapokatika.