Spika ya Zamani Inayokwaruza

SWALI: Fundi, shikamoo. Marehemu baba yangu, aliyekuwa mpiga gitaa katika bendi za dansi hapa Dar es Salaam, aliniachia amplifaya ya Fender Twin Reverb ya miaka ya 1970. Spika moja kati ya mbili hukwaruza, hukatika kisha hurudi, hasa nikiongeza sauti. Fundi mmoja wa Kariakoo ameniambia niitupe, ninunue mpya. Nifanyeje?
Msomaji, Temeke

JIBU: Marahaba. Tafadhali usiitupe. Spika hizo za inchi 12, kila moja ya omu 8 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme), zimeungwa sambamba, ndiyo maana moja ikikatika nyingine huendelea kulia. Na kwa kuwa hiyo ya pili inalia safi, mashine yenyewe haielekei kuwa na kosa.

Chomoa umeme ukutani, kisha uchomoe nyaya za spika zote mbili, kila moja ibaki peke yake, wala usiguse chochote ndani ya chasisi, yaani sanduku la chuma lenye mitambo, kwa sababu kapasita (vihifadhi umeme) za mashine ya valvu, zile taa za kioo, hubaki na umeme wa kuua hata baada ya kuzimwa. Weka ncha za mita ya kupimia omu kwenye vichwa viwili vya spika mbovu: koili, yaani waya uliozungushwa unaoitikisa koni, ikiwa nzima na ya omu 8, husoma omu 6 hadi 7. Mita ikiwa hapo hapo, zitikise kwa kijiti kikavu zile nyaya mbili laini za kusuka zinazotoka kwenye vichwa hadi kwenye karatasi ya koni. Namba ikirukaruka, kosa liko hapo: nyuzi za shaba zimekatika, aghalabu pale zinapoingia kwenye koni, nazo hugusana na kuachana kadiri koni inavyotetemeka. Nimeona spika nzuri zikitupwa kwa ajili ya kipande hicho cha waya kisichozidi urefu wa kidole, na huniuma sana.

Badilisha waya huo kwa waya wa kusuka wa spika, wenye urefu ule ule na ulegevu ule ule. Waya wa kawaida ni mgumu, utakatika au utaichana koni. Lehemu upesi ili karatasi isiungue.

Kama mita haisomi kabisa hata ukiweka ncha zake kwenye nyaya hizo karibu na koili, au koni inakwaruza unapoisukuma taratibu kwa vidole, koili imekatika au inasugua. Hapo ndipo huwekwa koni na koili mpya, fremu na sumaku zikabaki, ingawa sauti haitakuwa ile ile aliyoizoea baba yako.

Usiiwashe kabla ya kurudisha spika zote mbili, kwani mashine ya valvu ikipigwa bila spika huweza kuunguza transfoma ya kutolea sauti.