Kyubu hazisubiri likizo ya uzazi: majibu kwa wahandisi wa kike vyuoni

Barua za mwezi huu zimejaa, na nyingi zimetoka kwa mabinti waliobaki vyuoni kufundisha uhandisi baada ya kuhitimu. Nimefurahi. Wale mlioniuliza tena kama mwanamke anaiweza hesabu, nilishajibu mara mbili hapa hapa. Sijibu mara ya tatu, nafasi ni ndogo na wenye shida za kweli wanasubiri.

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mhadhiri msaidizi, idara ya uhandisi ujenzi, nina miaka 28 na naolewa Desemba. Nimeshapata msimamizi wa uzamivu (PhD), lakini mkuu wa idara ananishauri nizae kwanza, nisome watoto wakishakua. Nisubiri? – Mbeya

Marahaba mwanangu, na hongera. Usisubiri. "Watoto wakishakua" ni tarehe isiyokuwepo kwenye kalenda. Muulize mkuu wako, kwa adabu zote, kama vijana wa kiume wa idara yake wanaooa Desemba amewapa ushauri huo huo.

Ila sitakudanganya kwamba ni rahisi. Mimi nilifanya uzamivu wangu kwenye zege. Mwanangu wa pili alizaliwa kyubu zangu zikiwa na siku 19 majini. Kwa wasiojua kazi yetu: unamwaga zege kwenye maboksi ya chuma ya milimita 150 kila upande, kesho yake unazitoa, unazilaza kwenye tangi la maji, siku ya 7 unavunja baadhi kwenye mashine na siku ya 28 unavunja zilizobaki. Siku ya 7 zege linakuwa limefikisha kama theluthi mbili ya nguvu ya siku ya 28, na kadiri siku zinavyosogea linazidi kukomaa. Ukivunja siku ya 41 huna cha kulinganisha na mtu yeyote.

Nilikuwa na kyubu 36 kwenye lile tangi, nimeziandika tarehe moja moja kwa mkono wangu. Siku ya 28 ilinikuta nyumbani na kichanga cha siku tisa. Nikampigia simu fundi sanifu wa maabara, kijana mwema kabisa, akaniambia: "Dada, sina barua inayoniruhusu kuwasha mashine kwa kazi ya mtu asiyekuwepo." Mkuu wa idara alikuwa safarini. Kyubu zilivunjwa siku ya 41. Nikarudia kila kitu: saruji mpya, mchanga mpya, kokoto mpya, miezi minne. Yote hayo kwa kukosa barua ya mstari mmoja.

Kwa hiyo anza, lakini anza na karatasi mkononi. Kabla hujamwaga chochote, idara imtaje kwa jina fundi atakayeendeleza vipimo vyako ukiwa likizo. Uwe na msimamizi wa pili ambaye ameshaiona maabara yako, siyo jina tu kwenye fomu. Na uandikiwe kwamba muda wa usajili wako wa masomo utaongezwa sawa na siku za likizo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakupa siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, na siku 100 ukijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Ukirudi kazini una haki ya hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha. Siku 84 ni 28 mara tatu. Panga umwagaji wako ukiihesabu hiyo.

Na huko mbele, utakapoomba cheo, pigania mwaka wa mtoto usihesabiwe kama mwaka mtupu. Baraza la Utafiti la Ulaya limekuwa likiwaongezea akina mama wanaoomba fedha zake miezi 18 kwa kila mtoto katika ule muda wanaopimwa nao. Kwetu nilikaa mbele ya jopo, wakaniuliza kwa nini mwaka fulani sina chapisho. Mtoto mwenyewe wakati huo alikuwa ameshaanza shule.

Mwalimu, naomba linki za udhamini kwa wanawake wahandisi. – wengi, kutoka kila mahali

Situmi linki. Udhamini unafunguliwa na kufungwa, na linki ya mwaka jana itakupotezea mwaka huu. Tafuteni kwa majina. OWSD ni shirika la wanawake wanasayansi wa nchi zinazoendelea, lilianzishwa 1987 na makao yake yako Trieste, Italia. Linadhamini uzamivu katika vyuo vya nchi za Kusini, na mtu anaweza kusoma kwa awamu, akawa anakwenda na kurudi huku amesajiliwa nyumbani. Faculty for the Future, ya Schlumberger Foundation, ipo tangu 2004. Hiyo inawalenga wanawake wa nchi zetu wanaotaka uzamivu au utafiti wa baada ya uzamivu kwenye vyuo vikubwa vya nje, kisha warudi kufundisha kwao.

Zote mbili zinataka andiko la utafiti. Hapo ndipo mnapoangukia. Mtu ananiandikia ujumbe wa neno moja, "skolashipu", na hajui atatafiti nini. Andikeni kurasa mbili kwanza: tatizo gani, utalipima vipi, kwa kifaa gani, kipo wapi. Mwenye kurasa mbili mkononi nitamsomea na kumsahihishia, hata usiku.

Mimi ni mwanafunzi wa kiume, mwaka wa tatu umeme. Kwa nini wasichana wanashushiwa alama waingie uhandisi? Si ndiyo wanakuja kuwa wahadhiri dhaifu? – Dar es Salaam

Unachanganya mambo, kijana wangu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliendesha mafunzo ya awali kwa wasichana waliokosa alama za kuingia kwa kiasi kidogo. Walifundishwa hesabu na fizikia, wakapewa mtihani, na waliofaulu ndio walioingia. Wakishaingia darasani walifanya mtihani ule ule unaoufanya wewe, na karatasi ile ile. Na kazi ya ualimu wa chuo kikuu haipatikani kwa kuonewa huruma: soma matangazo ya ajira, mengi yanataka GPA ya 3.8 kwa shahada ya kwanza na 4.0 kwa umahiri, awe Asha awe Juma.

Sasa nikupe jaribio la kulifikiria. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale walichapisha matokeo yao. Walichukua maombi ya kazi ya msimamizi wa maabara, wakayapeleka kwa wahadhiri 127 wa sayansi nchini Marekani. Maombi yalikuwa yale yale neno kwa neno, ila baadhi yalikuwa na jina John na mengine Jennifer. John alionekana mwenye uwezo zaidi, na wastani wa mshahara aliopendekezewa ulikuwa dola 30,238 kwa mwaka. Jennifer dola 26,508. Wahadhiri wanawake nao walimpunja Jennifer sawa na wanaume, na hilo ndilo linaloniuma hadi leo, kwa sababu na mimi nasahihisha mitihani na kukaa kwenye majopo. Tangu niusome utafiti ule huwa nafunika jina kwanza. Nakuomba ufanye hivyo siku utakayokuwa kwenye kiti cha kuajiri.

Assalaam aleikum. Mke wangu amepata nafasi ya uzamivu Afrika Kusini, miaka mitatu. Tuna watoto wawili, mkubwa yuko darasa la pili. Mama yangu anasema akiondoka ndoa imekwisha. Nimruhusu? – Tanga

Waaleikum salaam. Nafasi hiyo mkeo ameishindania na ameipata, ndugu yangu, kwa hiyo swali lenu sasa ni la watoto kulala wapi na nani atakagua madaftari yao jioni. Kaeni wawili mlipange hilo. Aulize kama chuo kinaruhusu awamu, miezi kadhaa kule na miezi kadhaa hapa. Utafiti mwingi wa uhandisi unawezekana hivyo kama sampuli zinatoka nyumbani. Mama mkwe aambiwe na wewe mwanawe, asiambiwe na mkeo.

Baba zetu wengi walikwenda kusoma nje miaka ya 1970 na 1980, wengine wakakaa miaka sita, mama zetu wakabaki na sisi. Ndoa zilidumu kwa barua.

Habari Mwalimu. Mimi ndiye mwanamke pekee katika idara ya mitambo. Ni katibu wa kamati tatu, mlezi wa wanafunzi wa kike, na mgeni akija mimi ndiye ninayempokea. Wenzangu wanachapisha, mimi naandika mihtasari. Nikikataa nitaonekana jeuri. – Arusha

Barua yako nimeisoma mara nne. Ningeweza kuiandika mimi miaka 20 iliyopita.

Siku ya kupandishwa cheo, kamati itafungua faili na kuhesabu machapisho. Mihtasari yako itapewa shukrani. Hakuna anayekuchukia, ni kwamba una mwandiko mzuri, unafika mapema na hukatai, na kila mmoja wao ameokoa Ijumaa yake kwa sababu yako. Ijumaa hizo zikijumlishwa ndizo zinazomfanya mwenzako awe mhadhiri mwandamizi nawe ubaki ulipo.

Chukua daftari. Kwa muhula mmoja andika kila saa uliyotumia kwenye kamati, ulezi na wageni, na pembeni idadi ya kamati za kila mwenzako. Miaka ya 1990, kwenye chuo cha MIT cha Marekani, mwanabiolojia Nancy Hopkins alikuwa anaomba nafasi zaidi kwa matangi ya samaki wa utafiti wake, akawa anaambiwa anayo ya kutosha. Akachukua futi ya kupimia, akapita maabara moja baada ya nyingine akipima, na vipimo vikaonyesha wanaume wa cheo chake wana nafasi kubwa kuliko yeye. Akaungana na wenzake. Mwaka 1999 ilitoka ripoti, na uongozi wa chuo ukakiri hadharani kwamba wanawake wamepunjwa. Mhandisi anapima. Peleka vipimo, lawama ziache.

Kisha kikaoni useme hivi, kwa sauti ya kawaida: "Mwenyekiti, mwaka jana niliandika mimi. Naomba uandishi uwe wa zamu." Watanyamaza kidogo. Waache wanyamaze.

Tafuta na wenzako wa idara nyingine, maana peke yako utachoka. Nairobi, miaka ya 1970, Wangari Maathai na mwenzake Vertistine Mbaya walidai wahadhiri wanawake wapate stahili sawa na wanaume, nyumba zikiwemo, kwa sababu chuo kiliona mwanamke aliyeolewa atatunzwa na mumewe. Walikuwa wawili tu mwanzoni.

Na ninyi akina baba mnaosoma safu hii: kikao kikianza, shika kalamu kabla hujamgeukia dada aliye kwenye kona.

Msimamizi wangu anasema marekebisho ya sura ya nne tuyafanye hotelini, jioni, kwa sababu ofisini kuna kelele. Nifanyeje? – jina nimelificha

Usiende. Mjibu kwa maandishi: "Nitakuja ofisini kwako saa nne asubuhi." Tunza ujumbe wake wote, usifute hata mmoja. Kudai ngono ili kumpa mtu haki yake ni kosa la jinai, kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007, na TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, wanapokea simu bure kwa namba 113. Mwambie leo hii mtu mmoja mzima unayemwamini. Mwanangu, kosa si lako, na sura ya nne inaweza kusimamiwa na mtu mwingine.

Nina uzamivu na nafundisha tu, siendi saiti. Nina haja gani ya kusajiliwa ERB, Bodi ya Usajili wa Wahandisi? – Morogoro

Jisajili. Unawafundisha watu watakaosaini michoro ya madaraja, nawe uwe umesimama upande huo huo wa sheria. Wahitimu wako wa kike wanaofanya mafunzo ya miaka mitatu ya SEAP, yale ya vitendo kabla ya usajili, wanahitaji kuona muhuri wenye jina la mwanamke.

Niko kidato cha tatu, napenda fizikia. Mwalimu anasema uhandisi utaniharibu mikono. – Singida

Mikono inanawika, mwanangu. Chagua PCM: fizikia, kemia na hesabu.

Mimi ni kiongozi wa ndaki ya uhandisi. Tumetenga fedha za semina ya siku mbili ya kuwawezesha wahadhiri wetu wa kike, pamoja na fulana na chakula. Utushauri mada na mtoa mada. – msomaji

Nashukuru kwa nia, na naamini ni ya kweli. Ila nimehudhuria semina hizo tangu nikiwa msichana, fulana zake ninazo kabati zima, na kila nilikotoka niliikuta kazi yangu imesimama pale pale nilipoiacha. Wahadhiri wako hawakosi ari. Wanakosa saa.

Fedha hizo zigawe hivi. Sehemu imlipe fundi sanifu mmoja wa ziada kwa saa za kuendeleza vipimo vya walio likizo ya uzazi. Sehemu itengeneze chumba kimoja karibu na maabara, chenye mlango unaofungwa, kiti, maji na friji ndogo ya maziwa, ili zile saa mbili za kisheria zisiishie kwenye foleni ya daladala. Zikibaki, mpunguzie somo moja la kufundisha kila anayerudi kutoka likizo, muhula wake wa kwanza.

Halafu kuna lisilogharimu hata senti, na unaweza kulifanya kesho asubuhi. Waagize wakuu wa idara waweke barua kwenye faili la maabara kabla mhadhiri hajaanza likizo: fundi fulani ameruhusiwa kuwasha mashine na kuvunja kyubu za mhadhiri fulani siku ya 7 na siku ya 28, awepo asiwepo.